Kijiko Kimoja cha Mafuta ya Mkaratusi

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza kisa changu naomba nikuulize swali. Kwenye kabati lako la dawa hapo nyumbani, kuna chupa ngapi ambazo kilichoandikwa nje sicho kilichomo ndani? Usijibu haraka haraka. Mimi ningeulizwa swali hilo zamani ningecheka. Msomi mzima, nina stashahada yangu ya uhasibu, nyumba yangu safi, mtoto wangu kliniki hajakosa hata siku moja. Niulizwe habari za chupa?

Ilikuwa Juni 2022, saa nane za usiku, hapa hapa Singe. Kama hujawahi kufika Babati mwezi wa Juni, basi jua kwamba baridi ya huku haina utani. Umeme ulikuwa umekatika. Junior, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi tisa, na hiyo ilikuwa siku ya tatu anakohoa. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, maana usiku uliotangulia sikufumba jicho. Baba Junior akaamua leo anipumzishe. Akawasha tochi ya simu, akaenda kwenye shelfu, akachukua kichupa cha dawa ya kikohozi, akamimina kijiko cha chai, akampa mtoto.

Kilichoniamsha si kilio, ni harufu. Ile harufu kali ya mkaratusi inayopanda puani mpaka machozi yanakutoka.

"Umempa nini?" niliruka kitandani.

"Dawa yake ya kikohozi."

"Baba Junior, hiyo siyo dawa ya kikohozi!"

Junior alikuwa ameshatema nyingine, imemwagika kifuani kwenye sweta. Nyingine alikuwa ameshaimeza. Analia, anakohoa, anapaliwa, na kila akipumua harufu inatoka mdomoni mwake kana kwamba mti mzima umekaa tumboni.

Mafuta yalivyoingia nyumbani kwetu

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, nimezaliwa Temeke. Baba Junior ni wa huku Manyara, kwao ni Singe. Tulikutana chuoni, tukapendana, tukaoana, na tulikuwa tunapanga zetu Tabata. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, si unakumbuka jinsi mji ulivyobadilika? Kila nyumba ilikuwa na sufuria la kujifukiza. Majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi, mwarobaini, kila mtu na mchanganyiko wake. Hayati Rais John Magufuli mwenyewe alihimiza watu wajifukize. Majani yalikuwa yanauzwa kwa mafungu sokoni kama mchicha. Waliokosa majani walinunua mafuta yake kwenye chupa, matone machache kwenye maji ya moto, unajifunika shuka, unatoka jasho.

Leo tunajua mvuke hauui kirusi cha korona. Unachofanya ni kukufanya ujisikie pua imefunguka na kifua kimelainika. Lakini wakati ule tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hachagui. Mimi nilinunua chupa mbili. Moja ya kwetu, moja nikamtumia mama mkwe huku Singe kwa basi.

Sasa hapo ndipo panapochekesha, kama kweli panachekesha. Mama mkwe wangu hakuwa anahitaji mafuta ya dukani. Nyuma ya nyumba yake kuna mstari wa mikaratusi aliyoipanda marehemu baba mkwe kuonyesha mpaka wa shamba. Mirefu, imenyooka, gome linabanduka lenyewe kama ngozi ya nyoka. Huku kwetu wengine huiita milingoti. Wanakata nguzo na fito za kujengea, wanapata kuni, na mtu akishikwa na mafua anachuma majani, anachemsha, anajifukiza. Mama amefanya hivyo miaka yote. Aliyemletea mafuta ya chupa ni mimi, mkwe wa mjini, nikajiona nimemletea maendeleo.

Akayapenda kweli kweli. Alikuwa anajipaka magotini, maana magoti yanamsumbua wakati wa baridi. Kila akiongea na mimi kwenye simu lazima ayasifie. "Mwanangu, yale mafuta yako yamenirudisha usichana!"

Mwishoni mwa 2021 Baba Junior akahamishiwa kikazi Babati mjini. Tukaona hakuna haja ya kupanga wakati nyumbani kupo. Tukajenga vyumba viwili na sebule kwenye kiwanja hicho hicho cha Mama, uani tunatazamana. Rafiki zangu wa Dar walinionya kuishi karibu na mama mkwe. Mimi nikasema wangu ana upendo, na nilikuwa sijakosea.

Wiki ile ya Juni Mama akaniambia mafuta yake yamekwisha. Nilikuwa na chupa kubwa niliyonunua mjini, ya mililita 100. Nikasema nitampunguzia. Nikatafuta chupa ndogo, nikaona ile ya dawa ya kikohozi ya Junior, imekwisha jana yake. Nikaiosha, nikaikausha, nikamimina mafuta, nikafunga. Karatasi yenye jina la dawa nikaiacha pale pale. Nikaiweka kwenye shelfu la dawa, nikijua kesho asubuhi nitampelekea.

Sikumwambia Baba Junior kwamba dawa ya mtoto imekwisha. Sikumwambia kwamba kwenye ile chupa sasa kuna kitu kingine. Nilichoka, nikalala.

Neno lililonitoka

Dakika ishirini hivi baada ya kile kijiko, Junior akaanza kulegea. Kilio kikapungua, kichwa kikawa kinaanguka begani, macho yanafumba. Nikimwita anafungua kidogo, anafumba tena. Mtoto ambaye huwa tunambembeleza saa nzima ndipo alale, leo analala mwenyewe mikononi mwangu, na mimi sitaki alale.

Mama akasikia purukushani, akavuka ua na kanga yake na kikombe cha maziwa mkononi. Baba Junior alikuwa amemwambia kwa sauti dirishani kwamba mtoto kanywa mafuta.

"Mpe maziwa, mwanangu, yanaua sumu," alisema.

Msomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, hata kama nitaona aibu. Nilimgeukia yule mama wa watu, mtu mzima aliyenilea kama binti yake, nikamfokea mbele ya mwanawe. "Ni hayo hayo mafuta yako, Mama! Kila siku mafuta, mafuta! Haya, tazama!"

Alisimama pale na kikombe chake. Hakunijibu kitu.

Baba Junior alikuwa ameshapiga simu kwa kijana wa bajaji jirani. Tukapanda. Mimi na mtoto, Baba Junior na ile chupa mfukoni. Mama tulimwacha mlangoni.

Swali la daktari

Hospitalini tulipokelewa vizuri. Daktari alikuwa dada mmoja kijana. Akamtazama Junior, akamsikiliza kifua, akampima hewa kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, akaomba aone chupa. Akainusa. Akasoma karatasi iliyobandikwa. Akainusa tena.

"Haya ni mafuta ya mkaratusi. Yamefikaje kwenye chupa hii?"

Chumba kikawa kimya. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Mimi ndiye niliyempa," Baba Junior akasema. "Kosa ni langu."

Daktari hakutugombeza. Alituuliza tu mengine: kijiko cha ukubwa gani, saa ngapi, alitema kiasi gani, ametapika? Tumempa kitu kingine? Nikamwambia bibi yake alitaka kumpa maziwa, hatukumpa. Akasema tulifanya vizuri. Mtoto akimeza mafuta ya namna hii hatapishwi kwa nguvu, wala hapewi maziwa au mafuta ya kula eti ya kuua sumu. Akitapika au kupaliwa, mafuta yanaweza kuteremka kwenye mapafu, na yakifika huko yanaleta nimonia ya hatari. Kinachotakiwa ni kumwahisha hospitali, na chupa mkononi. Kama amelegea, alazwe kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasimkabe.

Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii mwilini, alituambia. Kazi ya hospitali ni kulinda pumzi ya mtoto, kumpa hewa ikihitajika, kuzuia degedege likitokea, na kumwangalia kwa saa kadhaa mpaka mwili uyatoe wenyewe. Dalili huanza upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa, ingawa zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kutapika, kuyumba, usingizi usio wa kawaida, kupumua kwa shida, degedege, kuzimia.

"Kiasi gani ni hatari?" Baba Junior akauliza.

"Kijiko kimoja cha chai ni mililita tano. Kiasi hicho, na hata chini ya hapo, kimeshawaletea watoto sumu kali. Mshukuru Mungu alitema."

Nilikaa pembeni ya kile kitanda mpaka kulipokucha. Nilihesabu pumzi zake. Baba Junior alikuwa amesimama ukutani, hatukuongea. Saa moja asubuhi Junior akafumbua macho, akanitazama, akasema "uji." Nikalia kama mtoto. Walitubakiza mpaka jioni ili wamsikilize kifua tena, wakaturuhusu.

Tone moja, majani mangapi?

Siku zile za kwanza nilikuwa silali, nikawa nasoma kila ninachokipata kuhusu huu mti. Nikushirikishe kidogo, maana nilikuta mengi ambayo laiti ningeyajua mapema.

Mkaratusi si mti wetu wa asili. Kwao ni Australia. Ulikuja kwetu tangu enzi za ukoloni wa Wajerumani, na jirani zetu wa Ethiopia waliupanda kwa wingi Addis Ababa wakati wa Mfalme Menelik wa Pili, walipokuwa na uhaba wa kuni. Mafuta yake yalianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1852 karibu na Melbourne, na mfamasia aliyetoka Uingereza, Joseph Bosisto. Njia yenyewe ni rahisi kuielewa: majani yanapitishiwa mvuke, mvuke unabeba mafuta, ukipoa maji na mafuta vinajitenga.

Sasa sikiliza hesabu hii, mhasibu mwenzenu nimeipiga mara mbili. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kama kilo moja au mbili tu za mafuta. Kwa hiyo kile kijiko kimoja cha chai ni sawa na kukamua robo kilo ya majani au zaidi. Mama akichemsha majani kwenye sufuria na kuvuta mvuke, anachovuta ni kidogo sana. Mimi nilipomletea chupa, nilimletea shamba lililobanwa ndani ya kiganja. Jina lile lile, harufu ile ile, lakini nguvu si moja kabisa. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunasema "ni majani tu, ni kitu cha asili," kana kwamba asili haina sumu.

Wala si sisi tu. Kule kule Australia mafuta yanakotoka, hospitali ya watoto ya Melbourne ilipokea watoto 109 kati ya mwaka 1981 na 1992 waliokuwa wameyanywa, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1995. Wengi waliyapata kwenye vyombo vya kufukizia vilivyoachwa mahali wanapofika. Wenye mti wao wenyewe, na bado yaliwakuta.

Je, basi tuyamwage yote? Hapana. Sikufichi, mimi mpaka leo ninayo ndani. Kinachofanya kazi humo ni kitu kiitwacho sineoli, ambacho kwenye mafuta ya dawa huwa ni asilimia 70 au zaidi. Ndicho kinachokupa ile hisia ya pua kufunguka. Kwa mtu mzima mwenye mafua, matone mawili matatu kwenye bakuli la maji ya moto yanatosha. Bakuli liwe mezani, limeshaepuliwa jikoni, na macho uyafumbe. Kwa misuli inayouma baada ya kulima au mazoezi, changanya kwanza: matone mawili kwa kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au alizeti. Yakiwa peke yake bila kuchanganywa yanaunguza ngozi. Yanatoa gundi ya stika kwenye vyombo vipya, yanatoa madoa ya grisi kwenye nguo, na tone moja kwenye maji ya kudekia linafanya nyumba inukie. Ila kumbuka yanashika moto, usiyaweke karibu na jiko la mkaa wala mshumaa.

Mwenye pumu awe mwangalifu, harufu kali inaweza kumbana kifua. Mwenye kifafa, au mjamzito, aulize kwanza kwa mtaalamu. Kunywa, hata mtu mzima, usinywe. Najua kuna watu wanaweka matone kwenye chai. Acha.

Na mtoto mdogo? Usimpake usoni, usimpake puani, usimpake kifuani. Zile dawa za kupaka zenye kafuri, mentoli na mkaratusi, soma pembeni ya kopo, nyingi zimeandikwa zisitumike kwa mtoto chini ya miaka miwili. Wala usimfunike mtoto na sufuria la maji yanayochemka. Wengi wameungua vibaya kwa namna hiyo, na makovu hayafutiki. Kuhusu mbu, yale mafuta yanayosifiwa kufukuza mbu yanatokana na mkaratusi wa aina nyingine, wenye harufu ya limao, na hata hayo hayashauriwi kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Chandarua bado ndiyo rafiki yake.

Wiki bila salamu

Junior alipona ndani ya siku mbili, kikohozi kikaisha wiki hiyo hiyo. Ndoa yangu ndiyo iliyobaki mgonjwa.

Baba Junior alikuwa anaongea na mimi mambo ya lazima tu. Chakula kiko wapi, mtoto amelala, mimi naondoka. Mama naye akaacha kuvuka ua. Zamani asubuhi lazima aje na maziwa ya moto, amwite Junior kwa majina yote ya ukoo, leo hodi haisikiki. Nilikuwa nikimwona dirishani anachota maji. Nikitoka, ananiitikia "marahaba" na kuingia ndani.

Siku ya tano nikashindwa. Nikamwambia Baba Junior, "Kama umenikasirikia kwa ajili ya chupa, niambie."

Akaweka kijiko chini. "Chupa? Chupa hata mimi ningeweza kukosea. Pale kwa daktari nilisema kosa ni langu, na kweli mkono uliompa ni wangu, sikunusa, sikuuliza. Lakini Mama umemtwisha mzigo ambao si wake. Kwa daktari nilikubebea. Kwa Mama nenda mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Ningetamani angepandisha.

Wanawake wenzangu, mnajua ugumu wa kumwomba radhi mama mkwe. Si maneno, maneno ni mepesi. Ugumu ni kwamba ukishakiri, unahisi umempa fimbo ya kukuchapia miaka yote iliyobaki. Nilivuka ule ua nikauona mrefu kuliko barabara ya kwenda Arusha.

Nikamkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni. Mbele yake, juu ya gunia, amepanga chupa zake zote. Ile niliyomtumia kutoka Dar, tupu. Ya mafuta ya taa. Ya dawa ya mifugo. Ya asali. Mbili za maji ya kunywa zenye vitu nisivyovijua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Afadhali umekuja. Mimi macho yangu hayasomi herufi ndogo. Nionyeshe zipi zinaua."

Nikapiga magoti pale pale. "Mama, nisamehe. Mafuta niliyamimina mimi. Kwenye chupa ya dawa ya mtoto, mimi. Wewe huna kosa lolote. Nilikufokea kwa sababu niliogopa kujifokea mwenyewe."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akacheka, kacheko kadogo ka puani.

"Unamjua huyo mume wako? Alipokuwa na miaka mitatu alikunywa mafuta ya taa. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda. Nani aliyaweka? Mimi. Nikamshika nikamtapisha. Akaugua kifua wiki tatu, nikadhani namzika. Mtu mmoja akaniambia laiti ungempa maziwa. Ndiyo maana usiku ule nilikuja na maziwa." Akaokota ile chupa ya mafuta ya taa, akaisukuma pembeni. "Mama mkwe wangu hakunisamehe mpaka alipofariki. Nyanyuka, mwanangu, chini kuna baridi."

Nilinyanyuka, lakini machozi hayakunyanyuka. Baba Junior hakuwa anaijua habari hiyo. Alikuwa ameibeba maishani bila kujua, na Mama alikuwa ameibeba akijua, peke yake, miaka zaidi ya thelathini.

Uzi mwekundu

Mchana ule tulifanya kazi, mimi na yeye. Kila kitu kilichokuwa kwenye chupa isiyo yake kilirudi kwenye chombo chake au kilimwagwa mbali na kisima. Kwa kuwa Mama hasomi herufi ndogo, tukachukua uzi mwekundu wa sufi, kila chupa ya hatari tukaifunga uzi shingoni. Ukiwa gizani, umeme umekatika, kidole kitagusa uzi kabla ya kufungua kizibo. Wazo ni lake, si langu. Kisha fundi akatutengenezea kisanduku chenye kufuli, tumekipigilia juu ukutani, Mama ana ufunguo mmoja, sisi tuna mmoja.

Ndani kwetu tumejiwekea sheria tatu, na Baba Junior ameziandika kwa mkono wake kwenye mlango wa kabati. Ya kwanza, dawa haihamishwi chupa. Ya pili, anayempa mtoto dawa anawasha taa, anasoma, ananusa, na kama mwenzake yupo anamwamsha. Afadhali kuvunja usingizi kuliko kuvunja moyo. Ya tatu, dawa ikiisha, aliyeimaliza anasema.

Kuhusu kikohozi chenyewe, tuliambiwa zile dawa za maji za dukani hazimsaidii sana mtoto mdogo. Akishapita mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali kinalainisha koo, na asali huku Manyara hatuna shida nayo. Chini ya mwaka mmoja asali hapewi kabisa, ni kunyonyesha tu na kumsafisha pua. Na ukimwona anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, hawezi kunyonya au kunywa, au amepata degedege, hapo hakuna asali wala mvuke. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Kwenu mnaoanza maisha ya wawili, neno langu ni fupi. Tunaambiana tunapendana mara kumi kwa siku, meseji hazikatiki, lakini hatuambiani chupa ile ina nini. Tunadhani mwenzetu atajua. Hajui. Na jambo likiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni yule asiyeweza kutujibu, mara nyingi ni mzazi wa upande wa pili. Mimi nimelipa somo hilo kwa usiku mmoja wa hospitali na siku tano za ukimya. Wako wanaolipa zaidi.

Junior siku hizi ni mkubwa, anakimbia mpaka kwenye mikaratusi ya babu yake, anaokota zile mbegu zenye umbo la kikofia, anamletea bibi yake mfukoni. Bibi bado anajipaka magoti kila jioni ya baridi, matone mawili kwenye mafuta ya alizeti. Akimaliza anamwita mjukuu.

"Hii yenye uzi ni ya nani?"

"Ya bibi!"

"Na ukiiona imeachwa chini?"

"Naita mama!"

Mimi jikoni nasikia, naitika.